Jina la Baba Mkwe Ndani ya Kopo

Wajukuu zangu hunicheka ninapowatuma dukani. "Bibi, sema basi, unataka kopo la nini?" huniuliza, huku wakijua vizuri ninachotaka. Nikijibu, "Kopo la jodari," huangua kicheko, maana hata kopo likiwa la dagaa wenye nyanya, mimi huliita la jodari. Kwangu kila kiumbe cha majini chenye magamba ni jodari. Lile neno lingine, ambalo watu wote hulitumia, halijapita mdomoni mwangu tangu nilipoolewa, na hata katika kurasa hizi hutaliona.

Lilikuwa jina la baba mkwe wangu.

Hakuzaliwa nalo. Alipokuwa kijana alikwenda Manyoni kufanya kazi ya reli, na mto ulipofurika aliuvuka kwa kuogelea, gunia la unga likiwa kichwani, ili wenzake wa ng'ambo wasilale njaa. Watu wa pwani waliokuwa kazini pamoja naye wakamwita hivyo, naye akarudi nyumbani na jina hilo kama mtu anayerudi na koti jipya. La utotoni likasahaulika. Na kwetu mke wa mtoto hatamki jina la mkwe wake, hata kama ni jina la kitu cha kila siku. Jirani yangu mmoja, ambaye mkwe wake aliitwa kwa jina la mvua, alisema "maji ya juu" mpaka uzeeni.

Mimi nilitoka Iramba, nikaletwa karibu na Mkiwa, ambako mume wangu alikuwa mwalimu wa shule ndogo ya misheni. Zilikuwa enzi za Waingereza, miaka ile baada ya vita kuu ya pili. Mama mkwe alikuwa amekwisha kufariki. Baba mkwe aliishi upande wa pili wa ua, katika nyumba yake mwenyewe. Hakuwa amebatizwa, lakini jioni tulipoimba alisogeza kigoda chake karibu na ukuta ili asikie. Chakula chake nilikiweka mlangoni nikaondoka bila kumtazama usoni, kama heshima ilivyotaka. Naye, zaidi ya kuitikia shikamoo yangu, hakuwa ameniambia neno lolote. Nilikuwa mgeni katika ua ule, na nilimwomba Mungu kila siku anipe subira na mahali pangu.

Makopo yalikuja kwa njia hii. Mzungu mmoja wa misheni alipokuwa akirejea kwao, aliwagawia walimu vitu vya stoo yake. Mume wangu akapata makopo machache, kila moja limezungushiwa karatasi yenye picha ya mnyama mwenyewe akiruka juu ya bahari. Wanafunzi wake hawakuwa wamewahi kuiona bahari, hivyo akazibandua karatasi zote akazibandika ukutani darasani. Makopo yakabaki uchi.

"Ndani mna nini?" nilimwuliza.

"Yumo baba," akasema, akacheka peke yake mpaka akakaa chini.

Basi, alasiri moja ya kiangazi, lori lililokuwa likienda Singida liliharibika barabarani, si mbali na kwetu. Dereva na utingo wake wakabaki chini ya lori na spana zao. Abiria wao, mama mtu mzima, mke wa mfanyabiashara wa Singida Mjini, alikuja kwetu kwa miguu kuomba kivuli. Baibui lake jeusi lilikuwa limegeuka jekundu kwa vumbi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

Nikamletea maji ya kunywa kwenye kata. Akayatazama, akatabasamu. "Nimefunga, mwanangu. Nipe ninawe uso tu."

Nilikuwa nimesahau kuwa ulikuwa mwezi wa Ramadhani. Nikatazama jua, lilikuwa limeshaanza kushuka. Mama huyu hakuwa ametia kitu kinywani tangu alfajiri, na ilikuwa wazi kwamba lori halitaondoka leo. Angefuturu kwangu, au angelala na njaa na kuamka kufunga tena. Mume wangu alikuwa kwenye kikao cha walimu. Ng'ombe walikuwa machungani mbali, maziwa hakuna. Kuku nilikuwa naye, lakini nani wa kumchinja? Ua wetu haukuwa na Mwislamu hata mmoja, na nilijua kuwa nyama ya kisu chetu asingeila. Ilibaki mboga ya mlenda mkavu. Misheni nilifundishwa kumpokea mgeni kama mtu anayempokea Bwana mwenyewe, na sasa mgeni wangu wa kwanza amekuja, nimpe mlenda mkavu!

Ndipo nilipokumbuka makopo. Kiumbe yule hachinjwi. Hahitaji kisu cha dini yoyote.

Nilipika kama ninavyopika hata leo. Nilitoboa kopo kwa ncha ya kisu, nikamimina mafuta yake sufuriani, maana mafuta hayo ndiyo yenye ladha, na mtu asiyejua huyamwaga. Nikakaanga kitunguu, nikatia nyanya ndogo nilizokuwa nimezianika, chumvi kidogo, na maji ya kufunika kidole. Zilipolainika nikaweka juu vipande vilivyotoka kwenye kopo, nikafunika, nikaacha mvuke ufanye kazi. Ukimkoroga huyo, unapata uji. Nilipomaliza kusonga ugali wa uwele, mchuzi ulikuwa tayari.

Jua likazama. Mgeni akafungua saumu kwa maji, akasali juu ya ngozi ya ng'ombe niliyomtandikia, kisha akanawa na kukaa mbele ya sinia. Mimi nikasali kimoyomoyo, yeye akasema bismillahi kwa sauti, akamega tonge. Mkono ukasimama juu ya bakuli.

"Mwanangu, usinichukie. Hii ni nyama gani? Pua yangu imeziba kwa vumbi, sisikii hata harufu."

Nikafungua mdomo. Nje, hatua chache kutoka mlango wa jiko, baba mkwe alikuwa amekaa kwenye kigoda chake. Nikaufunga mdomo.

"Si kibudu?"

"Hapana, mama. Si kibudu."

"Amechinjwa na nani?"

"Huyu hachinjwi, mama."

"Hachinjwi!" Akarudisha tonge kwenye sinia.

Leo najua maneno mengi ambayo ningeweza kuyasema. Wakati ule Kiswahili changu kilikuwa cha katekisimu na nyimbo; ningeweza kumweleza habari za wokovu, lakini si za mapezi na magamba. Na woga ulikuwa umenifunga ulimi. Nikaenda kuleta kopo, nikamwonyesha. Bati tupu, halina hata herufi. Mwisho nikanyoosha mkono wangu, nikaupeleka mbele kwa kuuyumbisha, kushoto, kulia, kushoto, kama mnyama yule anavyokwenda.

Macho yakamtoka. "Nyoka! Subhanallah, umenipikia nyoka?"

Nilianza kulia. Sikulia kwa sauti, ila machozi yalidondoka juu ya mwiko. Chakula kilikuwa safi, mgeni alikuwa na njaa, na kati yao kulikuwa na neno moja nisiloweza kulisema.

Ndipo sauti ikatoka nje, nzito, sauti ambayo sikuwa nimewahi kuisikia ikisema maneno mengi.

"Mama mgeni! Usimwogope mtoto huyo. Aliyemo sufuriani ni mimi!"

Mgeni akanitazama, akautazama mlango.

"Astaghfirullah," akanong'ona. "Mzee huyu mzima kweli?"

"Nimepikwa na vitunguu!" baba mkwe akaendelea. "Jina langu ndilo hilo. Yeye ni mke wa mwanangu, atalitamkaje?" Akalitaja jina lake kwa sauti kubwa, kama mtu anayeita ng'ombe.

Mgeni alishika kifua, akacheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya baibui. Kisha akainua kopo, akachovya kidole ndani yake, akaonja. Akaacha kucheka.

"Huyu ni jodari," akasema polepole. "Mwanangu, huyu ni jodari. Mama yangu alikuwa akitupikia kwetu pwani. Tangu nilipoolewa huku bara sijamwonja."

"Jo-da-ri," nikarudia. Neno jipya, halikuwa jina la mtu yeyote. "Jodari, mama. Karibu jodari."

Akala. Alikula taratibu, kama mtu anayesikiliza wimbo wa zamani, akapangusa bakuli kwa tonge la mwisho. Nilimshukuru Mungu kwa kila tonge.

Kisha nikachukua chakula cha baba mkwe nilichokuwa nimekitenga, ugali na mlenda, kwa kuwa sikujua kama mtu anaweza kuwekewa jina lake kwenye sahani. Nikakiweka mlangoni pake, alikokuwa amesharudi kukaa, nikageuka kuondoka.

"Mwanangu," akaniita. Hakuwa amewahi kuniita hivyo. Nikasimama, macho chini.

"Litamke tu. Sitapasuka."

"Nimeshapata lingine, baba. Nitasema jodari."

Nikamsikia akisogeza kigoda.

"Na mgeni? Amenila?"

"Amekula, baba. Hakubakiza hata mchuzi."

"Basi," akasema, akivuta bakuli la mlenda karibu yake, "tangu ule mto wa Manyoni, leo nimefaa tena."