Mume wa Kugombezwa

Nilifika Arua nikinuka dagaa. Tulitoka Mwanza na lori la magunia ya dagaa hao, tukapita Mutukula, Masaka na Kampala, tukavuka Nile pale Karuma na tena pale Pakwach, siku sita, mimi utingo nikilala juu ya mzigo. Mzigo ulikuwa wa Kongo. Mpakani, pale Vurra, dereva akaambiwa kuna karatasi inakosekana, naye akaniambia nisubiri siku mbili. Nilisubiri wiki tatu. Nina zaidi ya miaka arobaini na sijawahi kumaliza gunia la mchele mahali pamoja, kwa hiyo wiki tatu kwangu ni kama kujenga nyumba.

Lori likiwa bado limekwama, nikashuka Arua mjini kutafuta kazi, na kazi ikanikuta nikinywa chai. Mama mmoja kutoka Kampala, mshauri nasaha, alikuwa anatafuta mtu wa kutafsiri Kiingereza chake kwa Kiswahili. Alikuwa anaanza kukaa na wanawake walioachika kule Ludara, wilaya ya Koboko, wazungumze mpaka moyo upoe. Wengine walikuwa Wakakwa, wengine Walugbara, wawili wametoka Sudan Kusini na Kiarabu chao. Wote walikutana kwenye Kiswahili cha West Nile, eneo lile lote, ambacho kimetupa chini nusu ya mizigo ya sarufi niliyochapwa viboko shuleni nijifunze kuibeba.

"Umesoma?" aliniuliza.

"Kidato cha nne."

Akanusa, akarudi hatua moja nyuma, akaniajiri.

Siku ya kwanza walikuja tisa, wakaketi kwa duara ndani ya kanisa la bati. Mshauri akaweka kiti kitupu katikati. Akaeleza, nami nikatafsiri: huyu ni mume wako wa zamani, mwambie yote ambayo hukuweza kumwambia.

Kisha mama mnene aliyekuwa akiuza chapati sokoni akainua mkono.

"Mimi hapana ongea na kiti. Watu wakipita watasema talaka imeharibu kichwa yangu."

"Na kiti iko na kosa gani?" akasema jirani yake. "Fundi ametengeneza vizuri."

Wakashauriana kwa lugha zao. Halafu wote tisa wakanigeukia. Mwanamume pale ndani nilikuwa peke yangu.

"Basi huyu akae."

Mshauri akafungua kitabu chake cha mafunzo, akakipekua mbele na nyuma, hakuona palipokatazwa. Nikakaa.

Shida ya pili ikaja hapo hapo. Huko mume, awe mbaya kiasi gani, hagombezwi akiwa na njaa. Hupewa maji anawe, hupewa chakula ale, na maneno huanza akishashiba. Ukimvamia kabla hajala, ndugu zake watasema ndiyo maana alikufukuza. Kwa hiyo wiki iliyofuata kila mmoja alikuja na sufuria yake.

Nilikula enyasa, ugali wao laini wa muhogo, kwa kunde zilizoungwa kwa simsim, yaani ufuta. Nikanawa, nikaambiwa mimi ni mwizi wa mbuzi. Nikala kwa samaki, nikanawa, nikaambiwa nilileta mwanamke nyumbani nikasema ni binamu. Kwenye sahani ya tano nilikuwa natokwa na machozi, na haikuwa toba.

"Angalia, analia!" mama chapati akapiga makofi. "Yangu hapana lia hata siku moja!"

Walitoka pale wakitembea kama waliotua kuni. Mimi nilitoka nimeshika kiuno kama mjamzito wa miezi tisa.

Mmoja tu hakuwahi kusema. Alikuwa mkulima wa simsim, mwembamba, na amenikubalia niandike haya bila jina lake. Watu wa Ludara watajua, alisema, na wa kwingine haiwahusu. Kila wiki aliweka sahani yake, akasimama mbele yangu, akafungua mdomo, akatazama chini, akarudi kuketi. Jirani yake ndiye aliyetueleza. Mumewe, mfanyabiashara wa pale Vurra, alikuwa na kikohozi. Hakuwa mgonjwa. Mke akianza kusema, mume anakohoa mara moja, mke ananyamaza. Miaka kumi na mitano. Siku ya talaka wazee wa ukoo walimuuliza kama ana neno. Mume akakohoa. Kimya cha mke wakakiandika kuwa amekubali.

Na kulikuwa na kikao kingine mbele, huko Manibe kwa ndugu za mume, kuhusu binti yao wa miaka saba: abaki na mama, au aende kwa baba na mke mpya. Akinyamaza tena, mtoto anakwenda.

Tukaanza mazoezi ya kukohoa, mimi nikiwa mume, ili aizoee sauti ile. Wanawake wanane wakawa majaji.

"Hiyo iko kikohozi ya mutu ya malaria."

"Hiyo ya mbuzi kabisa."

Yeye alikuwa akitikisa kichwa tu, mpaka siku moja akasema, "Chini zaidi. Na mkono kwa goti." Ndiyo maneno yake ya kwanza kwangu. Nikashusha sauti, nikaweka mkono gotini, nikakohoa. Sahani ikamponyoka. Wenzake wakashangilia kwamba nimepatia, nami nikatamani ningebaki Vurra na magunia.

Lakini alisema turudie. Wiki baada ya wiki nilikohoa, naye hakurudi kuketi. Siku moja nikakohoa kabla ya kumeza, na kunde zikatokea puani. Alicheka. Alicheka mpaka akakaa sakafuni. Nilipojaribu kuomba radhi akaninyooshea kidole.

"Nyamaza. Mimi bado naongea."

Alikuwa hata hajaanza.

Siku ya kikao tulimsindikiza sita, mimi nikibeba jogoo, kwa sababu hatuwezi kwenda kwa watu mikono mitupu. Mshauri alibaki barabarani akitafuna kucha. Wazee walikuwa barazani kwenye viti vya plastiki. Kaka wa mume akanitazama.

"Na huyu iko nani?"

"Bwana yetu," akajibu mama chapati.

"Ya nani?"

"Ya sisi yote."

Akaniletea kiti. Mzee wa ukoo akamgeukia mkulima wetu: ana neno? Mume, shati limenyooshwa vizuri, akaweka mkono gotini akakohoa. Kilikuwa kikohozi kile kile, na Mungu anisamehe, nilijivunia kazi yangu. Mwanamke akamtazama usoni, akaendelea kumtazama, halafu midomo ikaanza kumcheza. Akacheka. Mume akakohoa tena, na tena, mpaka akaletewa maji.

"Mupe kikombe kubwa," akasema mwanamke. "Sasa mimi nasema. Hii mutoto akipata homa anakataa uji ya moto, anataka ya baridi na mkono yangu kwa kichwa. Bibi mpya anajua? Baba yake anajua? Mutoto iko darasa gani? Jibu."

Mume alitazama ndani ya kikombe. Wazee wakasema mtoto atabaki kwa mama, na baba atamwona sikukuu na likizo. Jogoo, ambaye nilikuwa nimemsahau, alitoroka.

Mradi ulipofungwa, mshauri alirudi Kampala, na mimi nikaanza kuota harufu ya ziwa. Nilipitia Ludara kuaga. Nilimkuta yule mkulima akipeta simsim mbele ya nyumba, binti kando yake. Nikasema naondoka.

Alisimamisha ungo. Akaniambia naondoka kama mtu aliyekimbizwa na nyuki. Nimekula kwa watu wote wa pale na sijapalilia hata mstari mmoja. Shati langu halina vifungo viwili, na wanaume wa ziwani wote huenda wanafundishwa kutotulia. Kivuli cha nyumba kilitufikia, kikatupita.

"Sasa kila siku iko hivi," binti akaninong'oneza. "Kutoka asubuhi."

"Nimesikia!" mama akasema.

Nikawapa mkono wa kwaheri, nikapanda pikipiki ya kunipeleka Koboko mjini. Mwendeshaji alihangaika kuiwasha, na nyuma yangu nikamsikia mama ameanza kumgombeza binti kwa kukanyaga simsim, na binti, bila kungoja amalize, akimjibu.