Kitufe cha Salamu

Nasiba Abdulghani wa Mambrui hawezi kumwandikia mtu kabla ya kumjulia hali. Ndivyo alivyolelewa. Mteja akiuliza bei ya gunia la chumvi, Nasiba kwanza humtakia buheri wa afya, kisha huwaulizia wazazi, watoto na biashara, na bei yenyewe huja mwisho kabisa, imejibanza chini kama mgeni asiyealikwa. Wateja wa kiwanda cha chumvi pale Gongoni walimpenda kwa hilo. Ila kila jioni baruapepe chungu nzima zilibaki bila majibu.

Meneja mpya, Kiprop, mtu wa bara, si mkali, lakini mambo marefu humchosha.

"Nasiba, watu wanataka bei," alimwambia. "Mwezi ukiisha na barua bado zinalala hapa, nitazipeleka ofisi ya Mombasa. Wewe utahamia kwenye mizani ya kupimia malori."

Nasiba alishika tama. Barua ndiyo kazi aipendayo, wala haoni haya kusema hivyo. Na kukata salamu kwake ni muhali. Basi akapiga moyo konde: salamu zitajiandika zenyewe.

Alikuwa amesikia kwamba programu ya baruapepe hukubali kupachikwa programu ndogo ya nyongeza, ikapata amri mpya kwenye menyu yake. Akajifundisha kwa video wakati wa chakula cha mchana, mkono mmoja ukiwa na mahamri. Akaandika faili ya kuitambulisha nyongeza yake: jina la amri, picha yake ndogo, na mahali itakapokaa. Kisha akaandika maagizo ya kazi yenyewe. Alipobofya kitufe cha "Salamu" mara ya kwanza, maneno yaliingia vizuri, lakini programu ikawa inamwambia angoje, angoje. Kumbe amri ikimaliza sharti itoe taarifa kwamba imemaliza. Nasiba akacheka peke yake. Hata mashine yataka kuagwa! Akaongeza mstari mmoja, ikatulia.

Raha ilioje! Bofya mara moja, na salamu zote hizo hapo. Majibu yakatoka mbio, Kiprop akawa anapita mezani akitabasamu. Nasiba alivimba kichwa kidogo, tuseme ukweli.

Asubuhi moja akamjibu Mzee Menza, mwenye duka Kaloleni. Akabofya, akatia bei, akatuma. Ndipo roho ikamruka. Kitufe kilikuwa kimeuliza, "Baba hajambo?" na baba yake Menza alikuwa amezikwa juma lililopita. Nasiba mwenyewe alituma rambirambi. Kwa watu wa huku, kumwuliza mfiwa hali ya marehemu wake ni kukosa adabu kabisa.

Jibu lilifika mchana, refu.

"Binti yangu Nasiba," aliandika Menza, "nilishtuka uliponiuliza baba. Kisha nikasema, huyu mtoto ananipa nafasi ya kumtaja. Tangu tumzike, hapa nyumbani jina lake wanalikwepa, wanaogopa nitalia. Baba yangu alionja chumvi kabla ya kuinunua, hata meno yalipomwisha. Asante kwa kuniuliza."

Nasiba aliona aibu zaidi kuliko kama angetukanwa. Hakuwa ameuliza. Akaanza kuandika, neno kwa neno.

"Mzee wangu, nisamehe. Aliyeuliza si mimi, ni kitufe. Lakini sasa nakuuliza mwenyewe..."

Kiprop akasimama nyuma yake. "Hiyo nayo inakawia nini? Si ubonyeze kitufe."

"Hii haina kitufe, Bwana Kiprop."

Kiprop akainama, akasoma barua ya Menza mpaka mwisho.

"Mpe pole zangu pia," akasema. "Na usiharakishe."

Mwezi uliisha, na kazi ya barua ikabaki Gongoni. Nasiba alikuwa ameifungua nyongeza yake, akayafuta maswali yote ya nyumbani. Sasa amri humtakia mtu buheri wa afya, kisha huacha mstari mtupu. Mstari huo Nasiba huujaza mwenyewe, baada ya kukumbuka kwanza anamwandikia nani. Na jioni, barua mbili tatu zikibaki bila jibu, Kiprop huziona, akazima taa, akamtakia usiku mwema.