Sampuli ya Kulinganishia

Kazini wananiita Hadubini, na mwenzenu jina hilo lilinivimbisha kichwa. Miaka kumi na sita nimekalia stuli ileile ya maabara ya uzazi, jicho kwenye lenzi, kidole kwenye kihesabio, tik tik tik, nahesabu mbegu za waume wa watu. Nazijua zilizochoka, zenye vichwa viwili, zinazozunguka palepale. Wanaume wenye vifua vyao hunisubiri mlangoni wamenywea, nami natoka na karatasi najiona mtu mkubwa.

Ndoa yetu ilipotimiza miaka miwili bila mtoto, nilijipima mwenyewe. Zilikuwa nyingi, zina nguvu, zinakimbia. Nikarudi nyumbani nimetuna, nikamwambia mke wangu, "Mimi niko sawa. Nimejionea kwa macho yangu." Yeye ni fundi cherehani, anashona sare za shule pale sebuleni. Aliinama akaendelea kupinda mkono wa shati dogo.

Kuanzia siku hiyo mzigo wote ukawa wake. Mama yangu akapata la kusema, shangazi yangu akapata la kuongezea. Siku moja ndugu wamejaa sebuleni, shangazi akamwambia, "Wewe mwenzetu nyumba umeijaza vitambaa tu!" Watu wakacheka. Na mimi nikacheka. Jamani, nilicheka! Hivyo hivyo mpaka miaka tisa ikapita. Alimeza vidonge vya kila rangi, akapasuliwa mara moja kuzibuliwa mirija, na sasa alikuwa amepangiwa kupasuliwa tena Alhamisi. Kwenye faili lake, sehemu ya mume, kuna neno moja kwa mwandiko wangu: kawaida.

Jumatatu ya wiki hiyohiyo maabara ilipokea kipimo kipya. Mkuu wetu, mama mmoja asiye na mzaha, alitukusanya kutuelekeza.

"Kuhesabu hakutoshi," alisema. "Mbegu inaweza kukimbia vizuri na isifike. Karibu na yai kuna homoni. Homoni hiyo ikiugusa mkia wa mbegu, vilango vidogo vinafunguka na kalsiamu inaingia, ileile ya mifupa na meno. Hapo mkia unabadilisha mapigo, unachapa kama mjeledi, mbegu inakata kona kulifuata yai na kupata nguvu ya kupenya utando wake. Vilango visipofunguka, itakimbia tu kama mtu aliyepotea na hataki kuuliza njia."

Tukacheka. Kipimo kilitaka sampuli mbili, ya mgonjwa na ya mwanamume mzima wa kulinganishia. Nikasema, "Tunahangaika nini? Yangu ipo."

Mkuu akanitazama. "Si afadhali mtu aliyekwisha kuzaa?"

"Tatizo si langu," nikamjibu, tena kwa ukali. "Nilishajipima."

Akatia tone la homoni kwenye sampuli ya mgonjwa. Kwenye skrini mikia ikaanza kuchapa, mbegu zikawa zinapinda huku na huku. Akatia kwenye yangu. Zikaendelea na mwendo wao ulionyooka, nzuri, nyingi, utadhani hakuna kilichotokea.

"Dawa imeharibika," nikasema.

"Ni chupa ileile," akasema taratibu.

Nikamwomba arudie. Alirudia mara tatu, kisha akaizima skrini yeye mwenyewe. Wenzangu wote wakapata kazi za kufanya ghafla. Natamani wangenicheka. Jumanne nikampa sampuli nyingine, majibu yakawa yaleyale. Akanivuta pembeni. "Njia ipo. Tunaweza kuichoma mbegu ndani ya yai kwa sindano, ikawa haina haja ya kutafuta njia. Lakini mkeo asipasuliwe bure. Mwambie leo."

Sikumwambia. Nilikula chakula alichonipikia, nikaangalia taarifa ya habari, nikalala. Niliogopa uso wake, na niliogopa zaidi kuitwa na mama. Jumatano mchana nikaomba ruhusa, nikamkuta sebuleni anakunja khanga kwenye begi la hospitali. Kwenye mkono wake kulikuwa na pamba iliyobandikwa, asubuhi walikuwa wamemtoa damu ya maandalizi.

Nikamweleza yote nimesimama, macho kwenye sakafu. Vilango, mikia, skrini. Nilipomaliza nikasema, "Ni mimi. Miaka yote hii ni mimi."

Hakulia. Aliuliza, "Umejua lini?"

"Jumatatu."

"Na leo asubuhi umeniangalia nikitoka kwenda kutolewa damu."

Nilitamani ardhi inimeze. Nikaanza kuomba radhi, akaninyamazisha kwa mkono. Akaichukua simu yangu mezani, akaitafuta namba ya mama, akabonyeza spika, akaiweka juu ya cherehani katikati yetu.

"Mwanangu," mama akaitikia. "Mkeo kajiandaa?"

"Mama, upasuaji hakuna. Tumepima upya. Tatizo ni langu, si lake. Halijawahi kuwa lake."

Nikasikia anafunga mlango upande wa pili. Kisha akashusha sauti.

"Umemwambia mtu?"

"Hapana, mama, ila…"

"Basi liishie hapohapo. Usijidhalilishe, baba. Watu wameshazoea kuwa ni yeye, na yeye mwenyewe ameshazoea. Mwache akapasuliwe, utasema haikusaidia."

Mke wangu alikuwa ameishika ile khanga kifuani. Hakuinua macho. Na mimi, mpima wanaume wa watu, nilijua maneno hayo mama hakuyaokota njiani. Nilimfundisha mimi, siku niliyorudi nimetuna.

"Mama," nikasema, "uko kwenye spika. Yuko hapa, anasikia."

Mama alivuta pumzi, halafu simu ikakatika. Nilibaki nimeinama hapo juu ya cherehani, uso unawaka. Mke wangu akaichukua simu, akaperuzi majina polepole, akanirudishia ikiwa tayari inaita.

"Haya," akasema. "Bado shangazi."