Sadaka ya Kila Asubuhi

Mume wangu alikwenda kwenye machimbo ya Kama kuchimba dhahabu, hakurudi. Aliniachia mama yake, aliyekuwa amepooza upande mmoja. Ni mama huyohuyo aliyenitukana miaka yote kwa kuwa sikuzaa. Hospitali ya Kindu haikuwa na dawa; ukutani ilikuwapo picha ya Rais tu. Kila asubuhi nilimwosha, huku nikimchukia.

Wakati huo Serikali ilikuwa imekataza dini shuleni, kwa hiyo katekista alifundisha watoto nyuma ya kanisa, na sisi watu wazima tukaja kusikiliza. Siku moja alisema kwamba Yesu ni kuhani aliyejitoa mwenyewe sadaka, na kila aliyebatizwa ana sehemu katika ukuhani ule.

“Mwalimu, hata mimi?” nikauliza. “Sina hata kuku wa kutoa.”

“Mama, kila asubuhi unafanya nini?”

“Ninamwosha mama mkwe. Lakini kwa hasira.”

“Basi, hiyo njo sadaka yako. Na hasira pia umupatie Mungu.”

Kesho yake, nikiwa nasafisha vidonda vya mgongo wake, furaha ilinijia ghafla hata nikacheka.

“Unanicheka?” aliuliza kwa ulimi mzito.

“Hapana, mama. Ninasali.”

Aligeuza uso kuelekea ukutani. Alikufa mwezi uliofuata bila kuniambia neno jema hata moja. Ndugu zake walifika kutoka Kailo, wakamzika, wakachukua vyombo, wakaniamuru nitoke. Nilitoka siku hiyohiyo. Sikujua ningelala wapi, lakini chuki sikuwa nayo tena.