Korongo wa Magloire Anayeangazia Ukuta

Magloire, fundi wa mbao wa Kasongo, hakuogopa nyoka wala radi. Aliogopa mama mukwe wake. Kwao mume na mama wa mke wake hawatazamani usoni, wala hawali huku wanaonana, ndiyo heshima. Lakini heshima ya namna hiyo inataka nyumba ya vyumba vingi, na Magloire alikuwa na saloni moja ya kukaa na kulia, yenye taa moja, katikati ya dari, kali kama jicho la mwalimu.

Mkwe huyo, Mama Cécilia, alipofika kwa pikipiki kutoka Kabambare, kiuno kikimwuma, kumngojea mjukuu ambaye binti yake Arlette, mke wa Magloire, alikuwa karibu kumzaa, mchezo ukaanza. Yeye akiingia kwa mlango wa mbele, Magloire anatoka kwa wa nyuma. Mvua ikanyesha, fundi wa watu akala bugali yake chini ya upenu, mgongo mkavu, magoti yamelowa. Kesho yake mama akamwambia binti yake kwamba anarudi kwake, maana hawezi kumfukuza mwenye nyumba kila saa ya kula. Arlette akalia. Mimba ya kwanza, azae bila mama?

Magloire akashika patasi. Alikuwa na mzizi mkubwa uliopinda, aliouokota ukingoni mwa mto kule Nyangwe. Akauchonga ukawa ndege korongo wa kimo cha mtu, mguu mmoja umekunjwa, akamtia ampule ndogo ya taa mdomoni, waya ukashuka mgongoni hadi kwenye betri inayochajiwa na jua. Jirani yake Yakubu akaja kuuliza ndege huyo anaangaza nini. Magloire akasema, ukuta. Yakubu alicheka mpaka akashika mlango asianguke.

Giza lilipoingia, Magloire akazima taa ya dari, akamwasha korongo. Mwanga ukapanda ukutani, ukagusa kitambaa cha maua cha Arlette kilichotundikwa hapo, ukaishia hapo. Kwenye viti kulibaki giza laini: unajua mtu yupo, uso huuoni. Akaketi upande mmoja wa ndege, sahani magotini. Mama Cécilia akaingia, akamzunguka korongo kama mtu anayekagua mbuzi wa kununua. Halafu akakaa upande wa pili.

Wakala. Ni sahani tu zilizosikika.

«Wewe ndege,» mama akasema mwishowe, «ambia mwenye nyumba, hii mboga ya sombe iko na chumvi kidogo.»

Magloire akameza tonge. «Ndege, ambia mama, ni binti yake ndiye alipika.»

Arlette, aliyekuwa amesimama mlangoni na tumbo lake, alicheka hadi akatafuta kiti. Kule gizani mabega ya mama nayo yalikuwa yanatikisika.

«Ndege,» mama akaendelea, «ambia mwenye nyumba mimi sirudi Kabambare mpaka mutoto azaliwe. Na akule bila woga. Mimi niko naangalia ukuta.»

Magloire akala. Akamaliza, akaomba aongezewe, na ombi lenyewe likapitia kwa korongo.