Uzi Uliofungwa Shingoni Mwangu

Niliondoka Gongoni kwa sababu tezi ya shingo ilikuwa imerudi. Ya kwanza alinipasua Daktari Mwaringa, kule Malindi. Niliamka sina sauti, mimi ninayeuza samaki kwa kupiga kelele! Nikamuuliza kwa kunong'ona, naye akasema, "Kazi yangu niliifanya sawa. Kaulizeni kwenu." Basi kaka yangu Kahindi akaenda kuuliza kwa mganga, akarudi na jina la baba yetu mdogo, Mzee Charo. Eti mvi zake ni za uchawi. Kahindi na wenzake wakamchomea nyumba, mzee akakimbia na nguo za mwilini.

Kilifi, daktari alinipapasa shingo, akakunja uso. "Mama Sidi, hapa pana kovu baya. Mimi sitii kisu. Nenda Nairobi, kuna roboti."

Nairobi nilitarajia kitu kinachotembea. Kumbe ni mikono ya chuma. Daktari amekaa pembeni anaiongoza, anatazama kioo kinachokuza kila kitu. Waliingilia kwapani, kulikwepa lile kovu la shingoni. Nilipopata fahamu, daktari alinionyesha picha.

"Huu ndio mshipa wa fahamu unaoendesha sauti. Kwa watu karibu wote unashuka hadi kifuani, kisha unapanda. Wako umekatiza moja kwa moja shingoni. Ni nadra sana."

"Na hiki cheusi?"

Akasita. "Uzi. Aliyekupasua mwanzo aliufunga nao huo mshipa, akaukata. Pengine alidhani ni mshipa wa damu."

"Kwa hiyo si uchawi?"

"Uchawi gani tena, mama?"

Kuzaliwa hivyo si kosa la mtu. Lakini Mwaringa, badala ya kusema hajui, alitutuma nyumbani tukatafute mtu!

Wakati wa kurudi nilishuka Kilifi, nikaenda Bofa, anakoishi Mzee Charo kwa bintiye. Nilimkuta anafagia ua.

"Shikamoo, baba."

"Nani? Sema nisikie!"

Nikamsogelea sikioni. "Shikamoo. Ni mimi, Mama Sidi."

"Marahaba. Umekuja kunichoma na huku?"

Nikampa simu aione ile picha ya daktari, nikamweleza. Aliitazama sana, akacheka bila furaha. "Kumbe mchawi mwenyewe ni uzi." Akaegemeza ufagio ukutani. "Na minazi yangu? Siku hizi anaigema tembo nani?"

Nilifungua kinywa, jibu langu mwenyewe likanishtua.

"Kahindi."

Nililisema kwa mnong'ono uleule, lakini mzee hakuniambia nirudie.