Fundi Saa na Mishale Minne

Mtaani walimwita Dakika Mbili, kwa kuwa kila saa aliyopewa kutengeneza ilikuwa tayari "dakika mbili tu", na mteja akaipata wiki ya tatu. Kisukari alikuwa nacho kwa mwaka wa saba sasa. Vidonge alimeza siku alizojisikia mgonjwa. Akijisikia mzima, alivipumzisha.

Basi shavu la kushoto likaanza kumuuma. Akasema jino. Pua ikaziba upande uleule, akasema mafua. Homa ikapanda, shavu likafa ganzi, jicho likavimba, naye akajifukiza chini ya shuka kama kiazi sufuriani. Siku ya nne alifungua saa ya mwalimu mkuu, akakuta mishale minne.

"Saa za siku hizi zina mishale ya akiba!" akanung'unika.

Mpwa wake, muuguzi wa zahanati, alikuwa amepita kumsalimu. Hakucheka.

"Mjomba, fumba jicho moja. Mishale mingapi?"

"Miwili."

"Basi saa haina kosa. Hebu fungua mdomo."

Akammulika kwa simu. Kwenye kaakaa palikuwa na doa jeusi kama mkaa. Akamtoboa kidole, kipimo cha sukari kikagoma kutaja namba, kikaonyesha tu kwamba imepita kiasi.

"Ngoja nimalizie hii. Dakika mbili tu."

"Dakika mbili zako tunazijua. Inuka!"

Hospitalini daktari alimweleza bila kuzunguka. "Baba, huu ni ukungu, jamaa ya ule unaoota kwenye mkate uliolala. Mbegu zake sote tunazivuta, na mwili huziua. Sukari ikipanda hivi, kinga hulegea, nao hutafuna nyama na mfupa, ukielekea jichoni na kwenye ubongo. Hatungoji kesho."

Walichukua kipande cha nyama ya pua kwenda maabara, lakini dawa ya kuua ukungu ilianza kuingia mshipani kabla ya majibu, pamoja na insulini. Siku hiyohiyo wakamkata nyama yote iliyokufa, pamoja na kipande cha kaakaa. Dawa ilimtetemesha mpaka kitanda kikalia, na kwa kuwa huweza kuumiza figo, zake zilipimwa kila mara.

Alitoka wiki ya sita, jicho likiwa zima. Kaakaa lilibaki na tundu, lililozibwa kwa kifaa kama meno ya bandia. Akikisahau, chai humtokea puani, na mkewe hukimbilia jikoni kuchekea huko.

Siku hizi hupima sukari kila asubuhi, kisha humpigia mpwa wake kumsomea namba, kwa sauti ya mtu aliyelazimishwa kuishi.